Nani Kanifaulisha?

Redio ya saluni yangu haijawahi kuniletea habari njema, na asubuhi ile haikuanza. Nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu nimeshanyoa nusu bado, mtangazaji akasema chuo cha afya cha hapa mjini kimenunua mfumo wa kompyuta unaojua mapema mwanafunzi yupi atahitimu na yupi hatahitimu. Si baada ya mtihani. Kabla. Mkuu wa chuo akahojiwa, akasema enzi za kubahatisha zimekwisha, sasa wanafanya kazi kwa takwimu. Nikazima mashine ili niusikie ujinga wenyewe vizuri.

Nje ya saluni kuna benchi. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu, lakini mteja hajawahi kulikalia kwa sababu nafasi haipo. Linakaliwa na watu watatu ambao sina hakika hata kama nywele zao zinaota. Wa kwanza ni Uhakika. Huyu kazi yake ni kubeti mpira, na jina lake tulimpa kwa sababu kila akitabiri mechi husema, "Hii ni ya uhakika," halafu timu yake inapigwa. Wa pili ni Bi Kahawa, ambaye jiko na birika lake vipo ubavuni mwa benchi, na ulimi wake uko kila mahali. Wa tatu ni Fundi Friji. Karakana yake ni mlango wa pili kutoka kwangu, ila mafriji humsubiri yeye kuliko yeye anavyoyasubiri.

Uhakika ndiye aliyefurahi. Akasema hatimaye nchi imepata akili, maana hata yeye ndivyo anavyofanya: anaangalia rekodi za timu, majeruhi, nani anacheza nyumbani na nani ugenini, anapiga hesabu, matokeo anayajua toka Jumatano.

"Unayajua toka Jumatano," Bi Kahawa akamwambia, "na kila Jumatatu unakuja hapa na uso wa msibani."

"Hiyo ni bahati mbaya, dada. Takwimu hazikosei, wachezaji ndio wanaokosea."

Mimi nikatoka na kitana mkononi. Nikawaambia kama kompyuta inajua, basi walimu wanafundisha nini? Si wagawe vyeti siku ileile ya kujiandikisha, wewe chukua chako, wewe rudi kwenu, chuo kigeuzwe ukumbi wa harusi. Mteja akaniita kutoka ndani kwamba ana nusu kichwa. Nikamwambia asubiri, hapa tunazungumza mambo ya taifa.

Tukacheka, tukabishana, na katikati ya hayo nikagundua Fundi Friji hajasema neno. Fundi si mtu wa kunyamaza. Ana maoni hata kuhusu mvua. Lakini siku hiyo alikuwa amekaa mwisho wa benchi, simu mkononi, anaitazama kama imemtukana.

Lazima nieleze. Fundi ana binti mmoja, mama yake alifariki binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na binti huyo yuko mwaka wa pili kwenye chuo hichohicho, anasomea uuguzi. Anakaa kwa shangazi yake nje ya mji, Jumapili anakuja kumwona baba. Fundi mwenyewe hakuona darasa. Kazi yake alijifunza kwa kufungua friji bovu na kulifunga, mpaka siku moja likaganda barafu. Kwake yeye, binti kuvaa gwanda jeupe la uuguzi ndiyo habari yote ya maisha. Akilewa furaha anatuambia atakavyougua siku hiyo makusudi, ili alazwe wodini kwa mwanawe.

Akanipa simu nisome. Ujumbe ulitoka chuoni. Ulisema: Mzazi mpendwa, kwa mujibu wa mfumo wetu binti yako yuko katika kundi jekundu. Uwezekano wake wa kuhitimu ni asilimia thelathini na moja. Tunawashauri mjadiliane kuhusu njia nyingine za maisha. Chini kulikuwa na sababu. Haingii maktaba mara za kutosha. Hafungui masomo mtandaoni. Anakaa mbali na chuo. Halafu ya mwisho: elimu ya mzazi, hakuna.

Uhakika akasogea asome mwenyewe.

"Hiyo ya mwisho," Fundi akauliza taratibu, "ni mimi?"

Nilitaka kumwambia si yeye. Nikakosa uongo wa haraka. Bi Kahawa akamimina kikombe, akampa, akasema kwamba yeye toka azaliwe hajawahi kusikia mtu anapewa maksi za baba yake. Fundi akakishika kile kikombe bila kunywa. Akasema binti anasoma, yeye amemwona kwa macho yake, kila Jumapili anakuja na makaratasi aliyonakili kwa wenzake, analala nayo kifuani kule karakanani juu ya maboksi. Tatizo bando. Masomo ya mtandaoni yanakula bando kama moto, kwa hiyo hayafungui, anasoma kwenye karatasi. Na karatasi kompyuta haiioni.

Hapo ndipo Uhakika, ambaye maishani mwake hajawahi kutabiri kitu kikawa, akapata wazo. Akasema kama mfumo unahesabu nani kafungua masomo, hauhesabu nani kayasoma. Sasa binti alijiandikisha chuoni kwa simu ya nani? Ya baba. Fundi akabonyeza, na kweli, simu ilikuwa inakumbuka jina na neno la siri, ukurasa wa binti ukafunguka pale pale mbele yetu, picha yake juu, amekaza uso kama wote wanavyokaza.

Mimi nilisema jambo moja, na nitalisema tena hata leo: binti asiambiwe. Mtoto akijua anahesabiwa thelathini na moja, atasoma kama mtu wa thelathini na moja. Wote wakakubali. Kijiwe chetu ndivyo kilivyo. Tunaweza kumjadili mtu kuanzia asubuhi mpaka vikombe vinakwisha, lakini kumuuliza mwenyewe, hilo haliji akilini.

Basi tukaanza kumsomesha binti wa watu. Neno la siri likagawiwa. Mimi nilikuwa nafungua somo la figo, naegesha simu kwenye kioo cha saluni, nanyoa, mwalimu anaongea peke yake. Mteja mmoja alitoka na mashavu yamesinyaa, akaniambia hatakunywa soda tena. Uhakika alifungua masomo kati ya mechi na mechi, kwa pupa, anaruka moja anaingia jingine, alifungua somo la uzazi mara nyingi mpaka tukamtilia shaka. Fundi alifungua yote. Haelewi hata moja, lakini anafungua, anaacha linapita mpaka mwisho, mikono imejaa grisi, anabonyeza kwa kifundo cha kidole ili asichafue kioo. Bando tulichangishana. Aliyekuwa anajifunza kwa kweli ni Bi Kahawa, ila tulidhani anatazama tu, kama anavyotazama tamthilia.

Kwenye ukurasa wa wazazi, namba ikaanza kupanda. Ilipanda kwa heshima kwanza, halafu ikasahau adabu. Arobaini. Hamsini na tano. Uhakika akawa anatembea kifua mbele, anasema mara ya kwanza anaona mkeka wake wa kubeti hauchaniki. Na asubuhi moja ukaja ujumbe mwingine: Hongera mzazi. Binti yako amehamia kundi la kijani. Uwezekano wa kuhitimu, asilimia tisini na nne.

Fundi alilia. Hakujificha. Alifuta uso kwa kitambaa cha karakana akatoka na mistari ya grisi mashavuni, na hakuna aliyemwambia. Siku hiyohiyo nikasikia kwenye redio mkuu wa chuo anajigamba, kwamba mfumo umeshaanza kuokoa wanafunzi, yupo mmoja ameruka kutoka nyekundu hadi kijani kwa muda mfupi usio wa kawaida, na picha yake itawekwa getini. Nikasema mnaona hawa watu? Sisi tunaunguza bando, wao wanaweka picha.

Jumapili binti akaja. Kwa kawaida huanzia kwa baba yake, lakini siku hiyo alisimama mbele ya benchi, mkoba begani. Akatuamkia wote mmoja mmoja, maana ana adabu yule, hata akiwa na hasira hamruki mtu. Halafu akauliza.

"Nani kanifaulisha?"

Uhakika akaangalia juu. Mimi nikakumbuka nina kitana cha kusafisha. Fundi, masikini, akatabasamu, alidhani anaulizwa ili ashukuriwe, akasema, "Mwanangu, ni sisi wote."

Binti akaketi kwenye ndoo ya Bi Kahawa na kutueleza, na alivyoeleza ndivyo tulivyozidi kuwa wadogo. Alikuwa anajua toka mwanzo kwamba ni mwekundu. Wekundu wote waliitwa, wakaambiwa, baadhi yao wakakubali kuhama wakaenda zao, jambo lililowapendeza wakubwa, kwa sababu anayeondoka mapema hahesabiwi kwamba kafeli. Yeye alikataa. Na waliokataa wakapewa kitu pekee cha maana ambacho chuo kile kimewahi kutoa: mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima, anayekaa nao Jumamosi, wekundu watupu, meza moja, anawafundisha hesabu za dawa. Mgonjwa ana uzito huu, chupa ina nguvu hii, umchome kiasi gani. Hilo ndilo somo lililokuwa linamshinda. Hakuna karatasi ya kunakili iliyowahi kumwelewesha. Kwa yule mama, Jumamosi chache tu, alianza kuona mwanga.

"Jana nimefika mlangoni," akasema, "jina langu halipo. Wameniambia mimi ni kijani, sihitaji msaada, nafasi wamempa mwingine. Nikawaambia sijui hesabu za dawa. Wakaniambia mfumo unasema unajua. Na mtihani uko mbele yangu, baba. Huu nikianguka, narudi nyumbani kweli."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Fundi alisimama. Akasema kesho anakwenda chuoni kusema ukweli wote, yeye ndiye aliyefungua masomo, wamfanye watakavyo, lakini mwanawe arudishwe kwenye meza ile. Nilimsifu moyoni. Mtu asiye na darasa kwenda kusimama mbele ya wale wenye tai si jambo dogo.

Alikwenda. Akavaa shati lake la mazishi na harusi, akapunguza nywele kwangu bure. Alirudi mchana, akaketi mwisho wa benchi palepale pake. Bi Kahawa akamsukumia kikombe.

Akasema alipokelewa vizuri, akakalishwa kwenye kiti kinachozunguka. Ofisa wa takwimu alikuwa kijana mstaarabu, akamwita baba, akamsikiliza mpaka mwisho. Fundi akamweleza simu, neno la siri, benchi, kinyozi, figo, yote. Kijana akageukia kompyuta yake, akabonyeza, akasoma, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ameniambia nini?" Fundi akatuuliza sisi, kama bado haamini. "Ameniambia, baba, nakuelewa, unampenda mwanao. Lakini mfumo unaonyesha wewe hukusoma. Mzazi wa aina yako hawezi kufungua masomo mengi namna hii."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitukana, na tusi lenyewe silirudii hapa kwa sababu kuna watu wanasoma. Nikasema sasa mtu anakwenda mwenyewe kukiri, kwa mdomo wake, na kompyuta inamtetea? Inamwambia hapana, wewe ni mjinga mno, haiwezekani ni wewe? Uhakika akasema kwa unyonge kwamba kitakwimu ofisa alikuwa na hoja. Bi Kahawa akainua birika, Uhakika akahama upande wa pili wa benchi.

Binti ndiye aliyetafuta njia, na alituma ujumbe mfupi tu kwa baba yake. Kwamba mfumo hauna kumbukumbu ndefu, unaangalia siku za karibuni. Kilichopanda kitashuka kikiachwa. Kwa hiyo tafadhali sana, wazee wangu, msiguse kitu. Na yeye mwenyewe hagusi. Maktaba haingii, maana ukipitisha kitambulisho mlangoni unahesabiwa. Anakaa nje chini ya dirisha, rafiki yake anamtolea vitabu. Yaani hapo tulipofika, msichana anajificha asionekane anasoma, ili apewe ruhusa ya kufundishwa. Nikamwambia mteja habari hiyo, akadhani natunga.

Tukaacha. Simu tukazifunika kama vyungu. Kila asubuhi Fundi anafungua ukurasa wa wazazi peke yake, anatangaza, na sisi tunapokea kama watu wanaosikiliza hali ya mgonjwa. Themanini na nane. Alhamdulillahi. Themanini. Endelea kuomba. Sabini na mbili, na Uhakika akapeana mikono na watu. Hamsini na nane. Jumamosi moja ilikuwa imeshapita, nyingine inakaribia, na binti alisema akifika chini ya arobaini tu, jina linarudi mlangoni.

Halafu namba ikagoma. Asubuhi hamsini na nane, kesho yake hamsini na nane, siku ya tatu ikawa sitini. Fundi akashika kichwa. Nikasema hapa kuna msaliti. Nikamtazama Uhakika, Uhakika akaapa kwa timu yake, na tulijua hapo anasema kweli, maana hana dini nyingine. Nikamtazama Fundi, Fundi akanionyesha simu. Mimi najijua. Tukageuka wote watatu taratibu kuelekea kwenye jiko.

Bi Kahawa alikuwa anapuliza mkaa usiohitaji kupulizwa.

"Dada," Fundi akamwambia.

"Nilikuwa sijamaliza moyo," akasema.

Akatupa kipepeo cha mkaa chini, akasema sisi wanaume tunafungua mlango wa nyumba ya watu tunaacha wazi tunaondoka. Yeye amekuta damu inaingia upande wa kulia, inakwenda kwenye mapafu, inarudi, na mwalimu akasema sehemu inayofuata ndiyo muhimu. Sasa aiache damu njiani? Amekaa miaka yote na moyo kifuani bila kujua una vyumba, leo anaambiwa funga. Akasema ana huzuni kwa binti na yuko radhi kuacha, lakini tusimfanye kama mwizi. Nikaona aibu, jambo ambalo mimi huwa silioni.

Fundi alimwahidi: mtihani ukipita, masomo yote ya moyo atamfungulia yeye mwenyewe, mpaka damu irudi nyumbani. Bi Kahawa akampa simu yake akae nayo, asije akashindwa.

Ikashuka. Ijumaa asubuhi nilikuwa na mteja mpya kwenye kiti, mtu wa heshima mwenye miwani, hatumjui hatujuani, nimeshamaliza upande wa kushoto. Mara nikasikia yowe benchini. Nikatoka mbio na mashine inanguruma mkononi. Uhakika alikuwa amesimama juu ya benchi. Bi Kahawa alikuwa anapiga vigelegele na birika limelala upande. Fundi ameshika simu kwa mikono miwili, anasoma kwa kuvuta herufi moja moja jinsi binti alivyomfundisha: Mzazi mpendwa, tunasikitika kukujulisha kwamba binti yako amerudi katika kundi jekundu. Asilimia thelathini na nane.

"Hongera," nikamwambia, nikamkumbatia, grisi na vyote.

Mteja wangu akatoka mlangoni na shuka shingoni na nusu kichwa. Akauliza kuna furaha gani, mtoto amefaulu?

Nikamwambia hapana, ameanguka. Aende akakae, namalizia.

Akatutazama mmoja mmoja, akarudi ndani, nadhani akiwa anatafuta njia ya nyuma. Uhakika alikuwa ameshaanza kutangaza kwamba Jumamosi hii binti atakaa meza ya mbele kwa yule mama, na mtihani atapasua, ni ya uhakika. Tukamwambia kwa pamoja anyamaze, asimtie mkosi mtoto wa watu.

Fundi hakutusikia. Alikuwa bado anasoma ujumbe, ameshuka mpaka chini, kwenye sababu, kidole chake chenye grisi kinafuata mstari. Maktaba haingii. Masomo hafungui. Anakaa mbali. Akafika ile ya mwisho, akaisoma kwa sauti, mara mbili, na safari hii hakuinamisha kichwa.

"Elimu ya mzazi, hakuna," akasema. "Mmeona? Na mimi nimemchangia mwanangu."